Hofu Nayo Ni Kazi

Mara ya kwanza nilipoitazama Le Salaire de la peur, nilianzia dakika ya 60. Rafiki aliyenipa filamu hiyo kwenye fleshi alinionya kabisa: saa nzima ya mwanzo hakuna kinachotokea, watu wamekaa tu juani wanagombana, ruka uende kwenye malori. Nikaruka. Nikaona malori mawili yaliyobeba nitrogliserini yakipanda milima, nikang'ata kucha, nikamtumia rafiki yangu ujumbe kwamba mzigo ni wa moto kweli, nikalala.

Kwa miaka kadhaa nikawa naisifia kwa watu filamu ambayo sikuwa nimeimaliza. Sifa zangu zilikuwa za kweli, ila zilikuwa sifa za filamu yoyote nzuri ya kusisimua: imeshonwa vizuri, ni ya zamani lakini haijachuja. Nilichokuwa sijui ni kwa nini hii moja, iliyotoka mwaka 1953, isiyo na rangi, yenye urefu wa karibu saa mbili na nusu, bado inatuweka chini sisi ambao hatuna subira hata ya kumaliza video ya dakika moja. Jibu nililipata mwaka jana, nilipoitazama tangu mwanzo nikiwa nimekaa na mjomba wangu, ambaye aliwahi kuendesha lori la mafuta na akaacha kwa sababu ambayo ukoo wetu haukuipenda.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Katika mji mdogo wa Las Piedras, mahali fulani Amerika ya Kusini, wamekwama wanaume kutoka kila pembe ya Ulaya. Hawana kazi na hawana nauli ya kuondoka. Kampuni ya mafuta ya Kimarekani, SOC, ina kisima kinachowaka umbali wa kilomita 500 hivi. Moto wa namna hiyo huzimwa kwa mlipuko, na nitrogliserini ya kulipulia ipo, lakini ipo Las Piedras, na malori yaliyopo ni ya kawaida kabisa, hayana kifaa cha kupunguza mtikisiko. Nitrogliserini haihitaji kiberiti. Ukiitikisa vibaya, imekwisha. Basi kampuni inatangaza nafasi za madereva wanne kwa dola 2,000 kila mmoja. Yatakwenda malori mawili, yakiwa yameachana, ili moja likipotea jingine lifike.

Hayo ndiyo niliyoyajua nilipokuwa nimeruka. Sasa turudi kwenye saa ya kwanza.

Picha ya kwanza kabisa ni ya mende. Mtoto amewafunga kwa uzi na anawachezea mavumbini. Halafu kamera inatuonyesha mji: barabara moja ya vumbi, mbwa, nzi, baa moja yenye kivuli, na wanaume wamekaa. Mtu yeyote aliyewahi kumaliza shule na kukaa mtaani miaka miwili bila kazi anaijua picha hiyo bila kuelezwa. Ni kijiwe. Kina sheria za kijiwe: kuna anayekopa, kuna asiyelipa, kuna anayesema wiki ijayo anaondoka, na kuna anayewacheka wote. Mwenye baa amechoka nao. Wanazungumza Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani, Kihispania na Kiingereza, wanachanganya, wanaelewana vya kutosha kutukanana.

Mario, anayechezwa na Yves Montand, ni Mfaransa kijana mwenye maringo na mfuko mtupu. Anahifadhi tiketi ya treni ya chini ya ardhi ya Paris, ya kituo cha Pigalle, kama mtu anavyohifadhi hirizi. Anaishi chumba kimoja na Luigi, Mwitaliano mchangamfu anayefanya kazi ya saruji na ambaye daktari amemwambia mapafu yake yamejaa vumbi la kazi hiyo. Yupo Bimba, mkimya, mwenye nywele nyeupe kwa weupe wake, aliyepita mikononi mwa Wanazi. Kisha siku moja inatua ndege na anashuka Jo, mtu mzima aliyevaa suti nyeupe, anayetembea kama mtu ambaye mji ulikuwa ukimngoja. Hana kitu, lakini anaupitisha mkono wake kwa ofisa wa uhamiaji ukiwa na noti ndani, na anapita. Mario anamwangukia papo hapo. Anamwacha Luigi, anamfuata Jo kama mpambe.

Hakuna anayetuambia walichokimbia. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. William Friedkin alipoirudia hadithi hii Marekani mwaka 1977, kwa jina Sorcerer, alianza kwa kutuonyesha kila mmoja alifanya kosa gani kwao hadi akafika pale. Ni filamu nzuri na ina wapenzi wake, lakini maelezo yale yanabadilisha hesabu: ukijua mtu alikimbia nini, unajua anastahili nini. Clouzot anakunyima hiyo nafuu. Wanaume wake hawako Las Piedras kwa sababu ya dhambi fulani. Wako pale kwa sababu nauli ya kuondoka ni kubwa kuliko kitu chochote wanachoweza kukichuma pale. Huo ndio mtego wote, na inachukua saa nzima kuujenga kwa sababu mtego wa aina hiyo haujengwi kwa tukio. Hujengwa kwa siku zinazofanana.

Inasaidia kujua kwamba walioitengeneza walikuwa wanaujua mtego. Georges Arnaud, aliyeandika riwaya ya mwaka 1950 ambayo filamu imetokana nayo, kwa jina lake halisi aliitwa Henri Girard. Mwaka 1941 baba yake, shangazi yake na mtumishi wa nyumbani waliuawa katika nyumba ya familia, yeye akashtakiwa kwa mauaji hayo, akakaa gerezani hadi mahakama ilipomwachia huru mwaka 1943. Baadaye alikwenda Amerika ya Kusini akafanya kazi za kubangaiza, ikiwemo kuendesha lori. Na Las Piedras yenyewe haikupigwa picha Amerika. Clouzot aliujenga mji wake kusini mwa Ufaransa, katika eneo la Camargue, pale Saliers, ambapo serikali ya Vichy ilikuwa na kambi iliyowafungia watu wa jamii ya Waroma wakati wa vita. Sidhani kama mtazamaji wa mwaka 1953 aliambiwa. Lakini ukishajua, huwezi kuzitazama kuta zile ukaona mapambo ya filamu tu. Watu walishawahi kukaa hapo wakingoja, bila ruhusa ya kuondoka.

Mjomba alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya macho yake, amelala kwetu wiki moja. Jioni moja umeme ulikuwepo na mpira haukuwepo. Nikamwambia, "Mjomba, kuna filamu ya madereva wa malori." Akasema weka. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza na yanapita haraka, hivyo nikalazimika kumtafsiria kwa sauti, kama wale madijei wa vibanda vya video tulivyokulia navyo, ila bila vichekesho. Na kwa kuwa nilikuwa natafsiri, sikuweza kuruka. Ndivyo nilivyoiona saa ya kwanza.

Nilitegemea atachoka. Hakuchoka. Pale kwenye baa alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Tunduma hii." Alikuwa akikumbuka mpakani, siku za foleni, madereva wamelala chini ya matela wakingoja karatasi, posho imekwisha, simu hakuna.

Kilichomtoa kwenye kiti ni mtu wa kampuni. O'Brien, meneja wa SOC, anapendekeza wachukue hawa wazururaji badala ya madereva wa kampuni, na sababu anaitaja waziwazi: hawana chama cha wafanyakazi, hawana familia, wakilipuka hakuna atakayekuja kudai chochote. Anasema bila chuki. Anapiga hesabu. Kisha anawaonyesha walioomba kazi jinsi tone moja tu la ile nitrogliserini linavyolipuka likidondoka sakafuni. Wengine wanaondoka. Wengi wanabaki. Kijana mmoja Mwitaliano, Bernardo, anaachwa kwenye mchujo, na anajinyonga. Amejiua kwa kukosa kazi ambayo pengine ingemuua. Kama filamu ina sentensi moja ambayo ningeiandika ukutani, ni hiyo, na hakuna mhusika anayeitamka.

Marekani, filamu ilipoingizwa huko, sehemu kadhaa zilikatwa kwa sababu zilionekana kuichafua nchi hiyo. Nafikiri waliokata walikosea kuisoma. O'Brien si Mmarekani mbaya. Ni meneja wa kawaida mwenye tatizo la usafirishaji, na usafirishaji una bei. Barabara nzuri ni ghali, lori maalumu ni ghali na linachelewa. Mwanadamu anayeogopa, akikubali kuogopa kwa dola 2,000, ni nafuu na yupo leo.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa wazee waliotufundisha kazi," mjomba akasema. Alikuwa anazungumzia kipindi cha kabla yake. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru, na muda mfupi baadaye njia ya mafuta ya kwenda Zambia kupitia kusini ikafungwa. Zambia ikawa inapata mafuta yake kutoka Dar es Salaam, kwa ndege na kwa malori yaliyobeba mapipa kupitia barabara ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, masika matope, kiangazi vumbi. Wazungu waliiita Hell Run, mbio za jehanamu. Magari yaliteleza, yaligongana vumbini, yaliungua. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta kutoka Dar hadi Ndola, zaidi ya kilomita 1,700, na mapipa yakapumzika. Mjomba alifundishwa kazi na wanaume waliopita kipindi hicho. Walikuwa wakimwambia kwamba mafuta yalipata njia yao nzuri kabla ya watu.

Nikamwambia angoje aone. Maana katika filamu ya Clouzot, kando ya ile barabara mbovu, bomba la mafuta lipo. Linapita pembeni muda wote, limenyooka, limetulia, huku malori yanahangaika. Nilikuwa nimelitazama mara ya kwanza bila kuliona.

Baada ya hapo yanakuja malori, na hapa sina sababu ya kubishana na rafiki yangu. Clouzot anajua kazi. Kuna kipande cha barabara kilichojikunja kama bati, ambacho ukikipita lazima uchague: uende polepole sana au uende kasi sana, katikati ni mtetemeko na kifo. Lori moja limechagua pole, jingine limechagua kasi, na lililo nyuma haliwezi tena kupunguza. Kuna kona ya mlimani ambayo lori haliwezi kuikata kwa mkupuo mmoja, ni lazima lirudi nyuma juu ya jukwaa la mbao lililooza linaloning'inia juu ya bonde. Kuna mwamba uliofunga njia, na Bimba anatoboa tundu na kumimina humo nitrogliserini yenyewe, kidogo kidogo, ili aupasue. Muziki karibu haupo. Tunasikia injini, mawe, pumzi. Mjomba alikuwa anakanyaga breki sakafuni bila kujua. Alikosoa jambo moja tu, jinsi Mario alivyoshika usukani kwenye ile kona, halafu akanyamaza kwa sababu Mario alipita.

Mahali tulipogombana ni kwa Jo.

Charles Vanel, aliyemcheza, alitajwa kwa heshima ya pekee pale Cannes mwaka ambao filamu ilichukua tuzo kuu, na inasemekana Jean Gabin, aliyekuwa nyota mkubwa zaidi, aliikataa nafasi hiyo kwa sababu hakutaka kuonekana mwoga. Mara lori linapowashwa, Jo wa suti nyeupe anayeyuka. Yule aliyekuwa anatisha mji mzima kwa macho anatokwa jasho, anaendesha kwa mwendo wa jongoo, anatafuta visingizio. Anampisha Mario usukani na kuwa utingo. Pale kwenye jukwaa la mbao, anapotakiwa kuelekeza gari, anakimbia. Mario aliyemwabudu sasa anamdharau, anamtukana, anampiga. Na mtazamaji anakwenda na Mario. Mimi nilikwenda naye. Nikamwambia mjomba, "Huyu mzee kelele tu, mwoga."

Mjomba akasema nisimamishe picha.

"Mpwa wangu, kwenye gari lile ni nani anayejua amebeba nini?"

Nikasema wote wanajua.

"Wote wameambiwa. Anayejua ni mmoja."

Tukarudi nyuma kidogo, kwenye mazungumzo niliyokuwa nimeyatafsiri juujuu. Mario anamlalamikia Jo kwamba anapokea nusu ya malipo bila kufanya kazi. Jo anamjibu kwamba hajaelewa wanalipwa kwa lipi. Fedha ile si ya kuendesha tu. Ni ya kuogopa pia. Mario anaendesha, yeye anaogopa, na hizo ni kazi mbili. Mara ya kwanza nililisikia jibu hilo kama utani wa mtu mvivu. Nikilisikiliza upya karibu na mjomba, niliona kwamba ndilo jina la filamu: ujira wa hofu. Kampuni ilikuwa na tatizo la hofu, ikalinunulia watu wa kulibeba. Jo ndiye peke yake anayelibeba. Mario ameligeuza kuwa hasira, Luigi kuwa mzaha na nyimbo, Bimba kuwa usafi, maana huyo hujinyoa ndevu garini kwa utulivu wa mtu anayejiandalia jeneza.

Hapo ndipo mjomba aliponieleza habari ya funguo. Nimekua nikiisikia kwa upande mwingine. Katika ukoo wetu yeye ndiye "mjomba aliyeogopa mlima". Miaka ya tisini alikabidhiwa tenka lililojaa petroli kwenda nyanda za juu. Alilijaribu uani, akaona breki za tela hazishiki sawasawa. Akamwambia msimamizi. Akaambiwa mzigo unasubiriwa, breki zitaangaliwa akirudi. Njiani kulikuwa na Kitonga, ule mlima ambao dereva yeyote wa barabara ya Tunduma anautaja kwa sauti ya chini, na breki utazihitaji kwenda hata kurudi. Akarudisha funguo. Kesho yake hakuwa na kazi, wala hakuipata nyingine ya maana kwa muda mrefu. Mama yangu alilipa ada za watoto wake miaka miwili. Hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sijui ni kilichompata lile gari.

"Lilifika," akasema. "Walimpa kijana mmoja, akalipeleka, akarudi salama. Ndiyo maana walinicheka. Lingeanguka ningekuwa mwenye hekima."

Nikamuuliza kama alijuta. Akasema lilifika, na hata leo wangempa angerudisha funguo. Kisha akasema niwashe picha.

Sikumjibu kitu, kwa sababu miaka yote mimi pia nilikuwa nimecheka. Na ninaposema hii filamu inadumu, namaanisha jambo la namna hii. Filamu nyingi za ujasiri zinakufundisha kumpenda asiyeogopa. Hii inakufanya umpende, inakuacha umdharau mwenzake pamoja naye, halafu inakuonyesha ulichoshiriki. Kuna dimbwi la mafuta. Lori la Luigi na Bimba limelipuka huko mbele, na tumelijua hilo kwa namna ambayo wanafunzi wa filamu hawaisahau: Jo anasokota sigara, tumbaku inapeperuka ghafla kwenye karatasi, mwanga unapiga, na sauti inakuja baadaye. Watu wawili tuliowazoea kwa saa mbili wameondoka kama tumbaku. Mlipuko umelipasua lile bomba la pembeni, na shimo limejaa mafuta meusi. Jo anaingia humo kumwongoza Mario. Anakwama. Mario akisimama, lori litazama na halitatoka. Hasimami. Gurudumu linapita juu ya mguu wa Jo.

Aliyekimbia kwenye jukwaa ndiye aliyeingia kwenye mafuta. Asiyeogopa ndiye aliyemkanyaga. Baadaye Mario anamshika kama mtoto, wanaikumbuka pamoja mitaa ya Paris, ukuta fulani wa mbao ambao Jo hakuwahi kujua nyuma yake kuna nini. Jo anakufa akisema hakuna kitu. Kisima kinachowaka kiko karibu kabisa.

Nisiipambe kupita kiasi. Filamu hii ina aibu zake. Linda, anayechezwa na Véra Clouzot, mke wa mwongozaji, tunamkuta anapiga deki kwa magoti, na Mario anamchezea kama paka. Anapong'ang'ania lori asiende, anamsukuma chini. Unaweza kusema filamu inaonyesha ukatili wa Mario, lakini kamera nayo inafurahia kumwona Linda akitambaa. Na wenyeji wa Las Piedras karibu wote hawana majina. Waliokufa kwenye kisima ni wao, na kuna tukio fupi ambapo umati unalalamika kwamba kila mara wanaokufa ni watu wao. Kisha filamu inawaacha, inawafuata Wazungu wanne. Clouzot alikuwa na jicho kali la kuona kampuni inavyothamini watu, na bado yeye mwenyewe aliwapangia watu thamani. Nafikiri mtazamaji wa leo anapaswa kulishika hilo mkono mmoja na filamu mkono mwingine, bila kuangusha chochote.

Kuna pia wanaoulalamikia mwisho. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mario amefika. Amelipwa fungu lake na la Jo, dola 4,000. Amelala, ameamka, wamempa nafasi ya kurudishwa na dereva, amekataa. Anarudi Las Piedras na lori tupu, redio inapiga valsi ya Strauss, na kule baa Linda na wenzake wamepata habari kwamba yu hai, wanacheza valsi hiyohiyo. Mario anaanza kuchezesha usukani kufuata muziki, kushoto, kulia, barabara nzima yake. Anacheka. Anakwenda korongoni. Mkononi mwake kuna ile tiketi ya Pigalle.

Niliwahi kuandika mahali kwamba Clouzot amedanganya hapo, kwamba alitaka tu kutukomoa. Mtu aliyepita jukwaa lililooza na bati la barabara na mwamba na dimbwi hawezi kufa kwa mchezo. Nikamwambia mjomba hivyo, picha ilipokwisha na majina yakawa yanapanda.

Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayetamka vibaya jina langu. Akasema madereva wengi aliowazika hawakufa na mzigo. Ukiwa na mzigo unaendesha na roho yako iko kwenye breki. Unalala mapema, unasikiliza matairi, unashuka kugonga gurudumu na chuma. Ukishashusha, gari linakuwa jepesi, mfukoni una hela, nyumbani wanakungoja, na ile hofu uliyokuwa nayo umeishusha pamoja na mzigo. "Gari tupu ndilo linaloua," akasema. "Huyo aliyetengeneza alikaa na madereva."

Sijui kama Clouzot alikaa nao. Arnaud, aliyeandika kitabu, aliwahi kuwa mmoja wao. Lakini tangu siku hiyo mwisho ule siuoni tena kama kukomoa. Jo alikuwa ameshamwambia Mario kazi zilikuwa mbili. Alipokufa Jo, aliyebaki alijua kuendesha tu.

Mjomba aliondoka Jumapili. Nilimsindikiza stendi alfajiri, nikamshikia begi. Kabla ya kupanda basi alizunguka mbele, akainama, akatazama matairi yote mawili, kisha akasogea dirishani kwa dereva, wakasalimiana, wakaongea maneno machache ambayo sikuyasikia. Ndipo akapanda.